KABLA YA KUNUNUA HISA ZA SHAMBA LA MTU, TUULIZANE DENI LA SHAMBA LETU

*Taarifa ya Kamati ya Tawi kwa wanachama wote*



Tangu malipo ya tumbaku yaanze kuingia, simu za viongozi wa tawi hazipumziki. Swali ni lile lile: kuna kampuni ya kilimo inauza hisa, faida yake nono, wanahesabu kwa dola, je, tuweke? Wapo waliokwisha kurusha kwenye kundi letu picha za mabanda ya kuku na mashamba ya matikiti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyakanyaga. Tumekaa, tumejadili, na huu ndio msimamo wetu. Ni mrefu kidogo, usome ukiwa umetulia.

Hizo za kwenye simu tuzimalize haraka. Mwaka 2020 nchi nzima iliona yaliyotokea kwa kampuni ya Mr Kuku. Watu walitoa fedha ili wafugiwe kuku na kulipwa faida kubwa kwa miezi michache, mwisho kesi ikafika mahakamani Kisutu ikiwa kesi ya upatu. Kampuni inayouza hisa kwa umma lazima iwe na idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Anayekuuzia hisa bila idhini hiyo hana hisa za kukuuzia, hata kama ni shemeji yako. Hapo hatuna mjadala.

Mjadala uko kwenye hofu inayowasukuma wenzetu huko, na hofu hiyo tunaielewa. Mwaka 2023 dola iliadimika hadi wafanyabiashara wakawa wanahangaika benki hadi benki. Mwaka 2024 ilipita shilingi 2,700. Mkulima akiona hivyo anasema shilingi inayeyuka, bora nikimbilie chochote chenye jina la dola. Lakini mwaka huo huo, kabla haujaisha, dola ilirudi hadi karibu 2,400. Piga hesabu mwenyewe: dola 1,000 zilizokuwa milioni 2 na laki 7 zikawa milioni 2 na laki 4. Laki tatu zimeondoka na hakuna mwizi wa kumkamata.

Sisi wa Tabora hatukuanza jana kuchezewa na fedha za mbali. Enzi za misafara, mzigo uliofika Unyanyembe kutoka pwani ulikuwa merikani, shanga na nyaya za shaba, na mara nyingi ulikuwa umekopwa Unguja kwa wenye mitaji kama Tarya Topan. Shanga zilikuwa na tabia ya dola ya leo. Rangi iliyopendwa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba mawe. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, bidhaa zikakwama Kwihara huku deni la Unguja likiendelea kudai. Na mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe hadi pwani (tusisahau pia kwamba njia hiyo hiyo iliuza watu) hakuwa na hisa yoyote katika pembe ile.

Urambo nako kuna somo ambalo wazee wetu wanalijua kuliko vitabu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na madeni, haikuwa na mafuta ya kupikia, na haikuwa na dola za kuyanunulia. Ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo, kwa mpango wa zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yalikuja kabla ya mtu kuuliza vizuri habari za mvua na udongo. Mwaka 1951 wakakubali wameshindwa, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu vya London. Zilifutwa! Ardhi ya Urambo ikabaki, ikaja kuwa nchi ya tumbaku.

Sasa tuambiane ukweli: ni mkulima gani wa Urambo, Kaliua, Uyui au Sikonge amewahi kufutiwa deni la mbolea kwa urahisi huo? Deni la mkubwa likiharibika huitwa hasara. La kwetu huitwa makato.

Ndiyo maana tunasema hivi. Mwanachama anayelima tumbaku tayari ni mwekezaji katika kampuni ya kilimo, nayo ni AMCOS yake. Ana hisa humo, ana kura humo, na deni la humo ni lake. Pembejeo zinakuja kwa mkopo unaochukuliwa kwa jina la ushirika, na mara nyingi mkopo huo umeandikwa kwa dola. Tumbaku nayo kwa miaka mingi bei yake imetajwa kwa dola. Watu husema: deni dola, mauzo dola, tatizo liko wapi? Tatizo liko katikati. Kibarua wa kupanda na kuvuna hulipwa shilingi. Kuni za bani ni shilingi, mahindi ya nyumbani ni shilingi, ada ya mtoto ni shilingi. Ukiyakopa hayo dola ikiwa 2,700, kisha ukalipwa dola ikiwa 2,400, umepungukiwa na wala jani lako halijashuka daraja. Na mwenzako aliyechukua mbolea bila kulima, au aliyetorosha mitumba usiku, deni lake linabaki kwenye akaunti ya wote. Wapo kati yetu waliouza tumbaku safi na wakarudi nyumbani na karatasi ya makato tu. Hatutaji jina la ushirika wowote, wahusika wanajijua.

Kila mwaka mkutano mkuu wa AMCOS hupitisha kitu kinaitwa ukomo wa madeni, yaani kiwango ambacho viongozi hawaruhusiwi kukivuka wanapokopa, na Mrajis ndiye huidhinisha. Utaratibu huu uko kisheria. Siku hiyo ndiyo siku kubwa kuliko siku ya malipo, na ndiyo siku ambayo wengi wetu tunakwenda minadani. Viongozi wanasoma tarakimu, watu thelathini wananyoosha mikono, imepita. Tarakimu hiyo ndiyo itakayokata fedha zako mwakani.

Tawi halina mamlaka ndani ya AMCOS na hatuyataki. Siasa ni siasa, ushirika ni ushirika. Ila tunamtaka kila mwanachama wetu aliye mkulima ahudhurie mkutano huo, na asimame aulize: mkopo huu ni wa fedha gani, riba yake kiasi gani, dola ikipanda au ikishuka nani anabeba tofauti, makisio yetu yametoka wapi, na katika mjengeko wa bei kila senti inayokatwa inakwenda kwa nani. Aulize pia taarifa ya ukaguzi ya COASCO inasemaje. Akijibiwa kwa ukali, aulize tena.

Mwenye fedha za ziada baada ya hapo, apunguze kwanza deni la msimu ujao kwa kununua mbolea yake taslimu, hata mifuko miwili. Tunajua mfuko wa mbolea haupigwi picha ukapendeza kama banda la kuku.

Wanachama wenye karatasi za makato wasizozielewa wazilete ofisi ya tawi Jumapili saa 9 alasiri. Walimu wawili, wanachama wenzetu, wamejitolea kuzisoma pamoja nanyi mstari kwa mstari. Njooni na kalamu.

Imetolewa na Kamati ya Tawi
Tabora