Mzee kwanza, miwani baadaye

Wazee waliofungwa kwa ajili ya siasa wanaondoka mmoja mmoja, na sisi bado tunajadili miwani.

Miwani yenyewe ni ile ya uhalisia pepe. Ukiivaa na kugeuza shingo unajiona umesimama ndani ya seli: ukuta huu hapa, kidirisha kule juu, na sauti ya mzee ikikueleza alilala upande gani. Hatuna ugomvi nayo. Kijana wa Kerege au Mapinga ambaye hajawahi kumaliza kitabu cha historia anaweza kuivaa kwa dakika 10 akatoka na jambo la kuwaza wiki nzima. Ugomvi wetu ni na utaratibu. Kila mradi wa namna hii unapotajwa, mazungumzo yanaanzia kwenye vifaa: kamera gani, kompyuta gani, mfadhili nani, mtaalamu atoke wapi. Moto umewashwa, maji yanachemka, na hakuna aliyetumwa mchele. Mchele ni mzee anayekumbuka.

Majirani zetu wa Kenya wamelielewa hilo. Mwaka 2018 Wakenya na Waingereza wachache walianzisha Museum of British Colonialism, na kwa kushirikiana na African Digital Heritage ya Nairobi wakaanza kujenga upya kwenye kompyuta kambi ambamo Waingereza waliwafungia watu wakati wa vita vya Mau Mau. Majengo mengi yalikuwa yameshatoweka. Kambi ya Aguthi huko Nyeri, kwa mfano, sasa ni shule ya wasichana. Nyaraka nyingi wakoloni walizichoma, na nyingine wakazificha kwao Uingereza hadi zilipojulikana hadharani mwaka 2011. Basi watu hawa wakawaendea wazee waliofungwa, wakaketi nao, wakauliza. Picha za kompyuta zilisimama juu ya maneno hayo pamoja na mabaki machache yaliyookolewa.

Syria ni mfano mkali zaidi. Mwandishi wala mpiga picha hakuruhusiwa kutia mguu katika gereza la Saydnaya. Mwaka 2016 Amnesty International na watafiti wa Forensic Architecture, walioko London, walikaa na watu waliotoka humo wakiwa hai. Wengi walikuwa wamefungwa vitambaa machoni au kuwekwa gizani, kwa hiyo kumbukumbu zao zilikuwa za masikio: mlango wa chuma unavyojibamiza, nyayo za askari zinavyokaribia, mwangwi unavyoonyesha kama ukumbi ni mrefu au mfupi. Kwa masikio hayo likajengwa gereza zima kwenye kompyuta, ghorofa kwa ghorofa. Kama watu hao wangekufa kabla ya kuulizwa, hakuna mashine duniani ambayo ingelijenga.

Na hapa kwetu tuna ushahidi wa karibu. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa TANU, alikamatwa mwaka 1969, akashitakiwa kwa uhaini pamoja na kina Michael Kamaliza, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha Mwalimu Nyerere akamsamehe mwaka 1972. Alifariki Novemba 2000. Dar es Salaam ina barabara kubwa yenye jina lake. Lakini anayetaka kusoma maisha ya mama huyo kwa maneno yake mwenyewe hana budi kumshukuru mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, aliyekaa naye miaka ya 1980 akiwa na kinasa sauti, na kuchapisha kitabu chake kuhusu wanawake wa TANU mwaka 1997. Kinasa sauti, maswali mazuri na subira ya kusikiliza. Kifaa hicho kilikuwa kwenye kabati za sebule nyingi za Dar es Salaam wakati huo. Kilichokosekana kwetu ni mtu wa kuondoka nyumbani kwake kwenda kwa Bibi Titi na kubonyeza kitufe.

Wapo waliojirekodi wenyewe. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa kuhoji Kenya inakwenda wapi. Mashairi aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Adam Shafi, aliyewekwa ndani baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972, alitupa riwaya ya Haini. Na Mrima wetu huu, Wajerumani walipokuja na mizinga mwaka 1889 wakamnyonga Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi yao, kule Pangani, alikuwapo Hemedi bin Abdallah wa Tanga aliyevitunga vita hivyo kwa utenzi kungali na moto. Alitumia alichokuwa nacho: kalamu, karatasi na vina. Lakini wengi waliopita magerezani hawakuwa washairi. Walikuwa makarani, makuli, wavuvi, walimu wa shule za msingi. Hao ndio wanaotutoka bila neno kubaki.

Tuje Bagamoyo. Ngome Kongwe ilianza kujengwa na Abdallah Marhabi karibu mwaka 1860, ikapita kwa Sultani Barghash, kwa Wajerumani, kwa Waingereza, na kwa miaka mingi ikawa gereza. Ukiingia leo utasimuliwa habari za njia ya chini kwa chini ambayo watumwa walipitishwa kwenda ufukweni kwenye majahazi. Ukiuliza habari za waliofungwa humo katika umri wa wazazi wetu, maelezo yanakuwa mafupi mno. Nani alilala kwenye vyumba vile? Kwa kosa gani? Nani alikuwa askari jela, na leo anakaa mtaa gani? Askari jela naye ana kumbukumbu. Alizijua funguo, zamu na majina.

Halafu kuna wazee wa Bagamoyo na Kaole wanaowakumbuka vijana wa FRELIMO ya Msumbiji, waliokuwa na shule yao ya sekondari hapa wakati wa vita dhidi ya Wareno. Vijana hao waliacha nyuma ndugu waliokuwa mikononi mwa PIDE, polisi wa siasa wa Ureno. Baadhi ya wafungwa wa PIDE waliwekwa katika ngome ya kisiwa cha Ibo, ambako watu huzungumza Kimwani, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili. Habari hizo zilifika hapa kwa midomo ya watu, na waliozileta wakapikiwa chakula na kulazwa kwenye nyumba za watu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 ameshavuka 75. Hesabu hiyo haihitaji kamati.

Visingizio tumevisikia. Cha kwanza ni fedha. Simu iliyo mfukoni mwako inarekodi sauti safi kuliko kinasa sauti cha Susan Geiger. Cha pili, eti jambo ni nyeti. Nyeti kwa nani? Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka 1962, na Bungeni. Mwanasiasa Ali Muhsin Barwani alikaa magereza ya Bara zaidi ya miaka 10 bila kesi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Waziri wa zamani Abdulrahman Babu alikaa ndani kuanzia 1972 hadi 1978. Yote yamo vitabuni na watoto wao wanayajua. Nchi haikubomoka kwa kuyajua. Na unyeti hautibiwi kwa kungoja mwenye habari afe.

Mzee akisema hataki, hataki, asisumbuliwe. Akisema yuko tayari ila rekodi isisikilizwe mpaka afariki, iandikwe hivyo, asaini, na ifungiwe. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Itumike kumlinda mzee na isigeuzwe kisingizio kipya cha kutokwenda kwake.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kaa na mzee sebuleni kwake, si ofisini. Zima feni na televisheni, maana sauti ikiharibika hakuna fundi wa kuirudisha, ilhali picha mbaya inavumilika. Usimwambie "tueleze historia yako", kwa sababu atakupa hotuba aliyoizoea. Muulize ndoo ya haja ilikaa pembe ipi. Uji ulikuja saa ngapi, na ulikuwa na sukari? Mlikuwa wangapi kwenye mkeka? Nani alikuwa akikoroma? Mlijuaje kuwa kumekucha? Maswali hayo madogo ndiyo mjenzi wa uhalisia pepe atakayoyahitaji siku akija, kwa kuwa yeye anajenga ukuta, mwanga na umbali. Hotuba kuhusu ukombozi haimwambii mlango ulifungukia ndani au nje. Ukimaliza, tia nakala sehemu tatu: kwa familia, kwenye taasisi, na mahali pa tatu mbali na hizo mbili, maana simu huibiwa na kompyuta hufa.

Baadaye, mzee akiwa na nguvu, mpelekeni Ngomeni na kamera ile inayopiga pande zote. Atembee, aguse ukuta, aoneshe. Hiyo ndiyo sehemu ambayo teknolojia inamshinda Geiger na kaseti zake, na hapo tuko tayari kuunga mkono kila shilingi itakayotumika. Kilwa Kisiwani imeshapimwa kwa mashine za kisasa na wataalamu wa kutoka nje, jiwe kwa jiwe, na tunashukuru. Magofu yale yalisubiri karne kadhaa kupimwa. Binadamu hasubiri hivyo.

Na tuseme hili kabisa: akili unde isitumiwe kumtia mzee maneno ambayo hakuyasema. Sasa inawezekana kumtengenezea marehemu sauti na sura, akajibu maswali ambayo hakuulizwa akiwa hai. Mtu aliyefungwa kwa sababu ya kauli yake asije akazushiwa kauli nyingine kaburini. Mradi wa Marekani wa USC Shoah Foundation ulifanya jambo la heshima: manusura wa mauaji ya Wayahudi waliulizwa mamia ya maswali mbele ya kamera nyingi, na mgeni wa makumbusho akiuliza hupewa jibu ambalo manusura mwenyewe alilitamka. Huo ndio mstari, na usivukwe.

Bagamoyo ina Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, si mbali na Ngome hiyo hiyo, ikifundisha vijana kazi za jukwaa, sauti na picha. Wanafunzi hao wanatafuta kazi za kufanyia mazoezi kila muhula. Dar es Salaam iko Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Afrika. Ngome iko chini ya mamlaka za Wizara ya Maliasili na Utalii. Taasisi, programu na Ngome vyote viko ndani ya safari ya asubuhi moja. Kinachotakiwa ni barua mbili, orodha ya wazee kutoka kwa wenyeviti wa mitaa, na chumba kimoja cha kuhifadhia rekodi. Waziri anayehusika aziandike barua hizo mwezi huu, na mkuu wa chuo awatoe wanafunzi wake darasani.

Nawe msomaji mwenye babu, bibi, mjomba au jirani aliyewahi kufungwa au kulinda waliofungwa, usiisubiri wizara. Nenda Jumamosi hii. Mwamkie, mwombe ruhusa, weka simu mezani, umuulize ule uji ulikuja saa ngapi.