Jua Tunalo, Hesabu Hatuna

Julai mwaka jana niliaibika kazini. Baada ya kuacha chuo nilifungua kinyozi Kayole, na juu ya mabati nikaweka paneli ya sola niliyochukua kwa mkopo. "Usijali bosi, jua la Nairobi halikosi," fundi aliniambia. Mawingu ya Julai yakatanda, betri ikazima mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Manze, alivaa kofia akaenda. Hajarudi hadi leo, na mkopo bado nalipa.

Nilimlaumu fundi. Lakini kwani yeye angetoa wapi hesabu? Ili kujua paneli ya ukubwa gani inatosha, lazima ujue jua huleta nguvu kiasi gani mahali pale, hasa mwezi ule mbaya zaidi. Chombo cha kupima kipo, kinaitwa piranomita. Hukaa nje na kuonyesha ni wati ngapi zinafikia kila mita mraba. Setilaiti nazo hukadiria, ila makadirio yanahitaji kulinganishwa na chombo kilicho ardhini.

Kituo cha sola cha Garissa ni cha megawati 50. Unadhani kuna benki inayoweza kukopesha mradi kama huo kwa kuambiwa "jua halikosi"? Wakubwa hupimiwa, sisi wa mtaani tunakisia.

Mvua ni hivyo hivyo. Kila anayepanda matatu anajua Dagoretti inaweza kulowa huku Kayole ni vumbi tupu. Na maji yaliyobeba nyumba Mathare 2024 hayakunyesha yote Mathare, mengine yalitoka juu ya mto. Kipimo kule juu kinaweza kumpa mtu wa chini nafasi ya kutoa watoto.

Najua utasema unga kwanza, vyombo baadaye. Lakini anayekisia ndiye hupoteza pesa ya unga. Tena hatuanzi sufuri. Mradi wa TAHMO umeweka vituo vidogo kwenye shule hapa Kenya, vinavyopima mvua, upepo na hata mionzi ya jua.

Serikali iongeze vituo hadi mitaani, na takwimu zipatikane bure kwa simu. Halafu iajiri vijana kuvitunza, maana piranomita yenye vumbi hudanganya. Mimi niko tayari kupanguza ya Kayole. Nikimaliza, nitamtafuta yule mteja nimalizie nusu iliyobaki.