Ripoti Ziombwe Chache, Zisomwe Zote

JICHO LA MLIPAKODI
Na Zuhura Mwakale

Agosti 2010, Robert Gates, Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati huo, alilalamika hadharani kwamba wizara yake, Pentagon, imezama katika makaratasi. Mwaka 1970, alisema, iliandikia Kongresi ripoti 37. Miaka arobaini baadaye zilikuwa zimepita 700. Akaagiza kila ripoti ionyeshe gharama ya kuiandaa, ili aliyeiomba ajue bei ya swali lake.

Hakulalamika bure. Ripoti moja huwatoa maofisa kazini kukusanya takwimu, kisha wanasheria waipitie, kisha wakubwa watie sahihi. Masharti mapya ya kuripoti huongezwa kila mwaka katika sheria ya kuidhinisha matumizi ya ulinzi. Kwa kuwa kuyafuta hakumpi mbunge sifa yoyote, hurundikana tu.

Hata hivyo, tusimwonee huruma kupita kiasi mwenye bunduki na fedha. Pentagon hutengewa zaidi ya dola bilioni 800 kwa mwaka. Tangu hesabu zake zote zianze kukaguliwa mwaka 2018, haijapata hati safi hata mara moja. Asiyeweza kueleza mali ya umma iko wapi hana uso wa kusema anaulizwa mno.

Mwezi uo huo Gates alipolalamika, Kenya ilizindua Katiba mpya. Kifungu cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa kuripoti Bungeni kila mwaka. Kifungu cha 241 kinasema wanajeshi watatumwa kurejesha amani palipo na ghasia nchini kwa idhini ya Bunge la Kitaifa pekee. Waandamanaji walipovamia Bunge Juni 25, 2024, serikali ilitangaza kwanza kwamba jeshi limeitwa. Wabunge wakaidhinisha kesho yake. Marekani wanalemewa na maswali. Sisi tunauliza mambo yakishatendeka.

Dawa ni moja kwa pande zote mbili. Kila sharti la kuripoti liwe na tarehe ya kukoma. Kamati iliyoomba ripoti iijadili, na yenye siri ijadiliwe faraghani. Isiyosomwa na mtu ifutwe, maofisa warudi kazini.

Nawe msomaji, ukikutana na mbunge wako, muulize: ripoti ya mwisho ya usalama wa taifa aliisoma lini, na aliuliza nini?