Kiberiti Hakilimi

Kiangazi kikifika ukingoni, vilima vyetu hufuka moshi. Mkulima amefyeka, amekusanya mabua, amewasha. Shamba likibaki tupu, wapita njia humsifu kwa uchapakazi. Jirani yake aliyeacha mabua yamelala shambani huitwa mvivu. Imani hii, kwamba shamba zuri ni lile lililochomwa likabaki uchi, inatufukarisha.

Naitrojeni iliyomo kwenye mabua, sehemu yake kubwa huondoka na moshi. Linalobaki ni jivu, na hilo ndilo huwadanganya wengi: mvua za kwanza mahindi hunawiri, watu wakasema moto umeleta rutuba. Lakini jivu halishiki udongo. Mvua kubwa ikipiga mteremko usio na kifuniko, udongo wa juu huteremka mtoni pamoja na mbolea ya dukani ambayo mkulima pengine aliinunua kwa mkopo. Huko chini, fosforasi hulisha mwani na magugu maji. Wavuvi wa Ghuba ya Winam, kule Kisumu, ambao mitumbwi yao hunasa kwenye magugu hayo, wanabeba sehemu ya hasara iliyoanzia mashambani.

Anayedhani hakuna njia nyingine aende Mbinga, mkoani Ruvuma. Kwa zaidi ya karne moja Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa ngoro. Hufyeka majani kwa nyengo na kuyaacha yakauke, kisha huyapanga chini kwa mistari inayokatana hadi iwe miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya majani. Maharage hupandwa kwenye matuta hayo. Mahindi hufuata msimu mwingine. Mvua ikinyesha, maji hutua mashimoni, na udongo unaokokotwa hunaswa humo humo. Majani ambayo wengine huyatia moto, kwao ndiyo mbolea.

Wapo wanaosema mabua hufuga funza watoboao mahindi. Hoja hii ina ukweli, ila dawa yake si kiberiti. Kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, kimeeneza kutoka Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kilimo cha sukuma-vuta: mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi huwafukuza nondo wa funza hao, na majani ya tembo pembezoni huwavuta. Desmodiamu hiyo hiyo hudhibiti gugu la kiduha, hufunika udongo, huurudishia naitrojeni na kulisha ng'ombe.

Wengine husema kuchoma kunaokoa nguvu kazi. Kwa siku moja, ndiyo. Baada ya misimu michache mkulima hutoa jasho lile lile akilima udongo mgumu, na fedha juu yake akifidia rutuba aliyoichoma mwenyewe.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mkulima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini bustani nyingi bado zinagusa maji. Sheria hiyo isimamiwe. Bwana shamba afundishe matandazo na mboji kwa bidii ile ile anayoitumia kueleza mbolea ya dukani. Na kwenye viwanja vya Nane Nane, zawadi ya mkulima bora itolewe baada ya kukagua udongo wake, wala si magunia yake peke yake.