Musuguri alianzia chini akawa jenerali. Kijana wa Mugumu leo ataanzia wapi?

Jenerali David Bugozi Musuguri alizaliwa Butiama Januari 1920 na alifariki Oktoba 29, 2024, akiwa na miaka 104. Kwa sisi wa Serengeti ni jirani kabisa: toka Mugumu, pita Nata, unaenda Butiama. Ndiyo maana jina lake likitajwa huku, wengi wanamalizia na ile kauli kwamba Mara ni mkoa wa wanajeshi.

Kauli ina ukweli wake, ila inawapoteza vijana. Inafanya jeshi lionekane ni kitu cha damu, kwamba ukizaliwa huku basi kazi imeisha. Ukiyafuatilia maisha ya Musuguri unaona kingine: alipita kwenye mlango ambao leo haupo.

Alijiunga na KAR, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki, mwaka 1942. Ilikuwa katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wanatakiwa wengi na haraka. Cheti cha kidato cha nne nani angekuuliza? Mkoloni aliangalia afya na nguvu, tena alikuwa na orodha yake kichwani ya makabila "ya vita", na Wakurya walikuwemo. Sisi tumeirithi orodha hiyo na kuifanya sifa.

Mwaka uliofuata, 1943, Mzanaki mwenzake wa Butiama, Julius Nyerere, akaingia Makerere. Mmoja kitabu, mwingine bunduki. Wanaosema Musuguri alibebwa kwa sababu ya nyumbani kwao na Mwalimu wakumbuke kwamba hadi Uhuru unapatikana 1961 alikuwa na miaka 19 jeshini. Vyeo vyake vya mwanzo alivipata chini ya maofisa Wazungu, sio chini ya Nyerere.

Huko KAR akawa mkufunzi kambi ya Kahawa, Kenya. Miongoni mwa askari aliowanoa alikuwemo kijana mmoja wa Uganda, Idi Amin. Ndiyo, huyo huyo.

Halafu ikaja 1964. Januari askari waliasi Dar es Salaam, kisha Tabora, jeshi la zamani likavunjwa, na Septemba 1 JWTZ ikazaliwa. Wazungu wameondoka, nafasi za juu ziko wazi, na Waafrika wenye uzoefu wa uofisa wanahesabika. Hapo ndipo ngazi ilipokuwa fupi. Mkuu wa kwanza wa majeshi, Mrisho Sarakikya, alikuwa bado kijana alipokabidhiwa jeshi zima. Bahati ya namna hiyo huja mara moja katika historia ya nchi.

Lakini bahati haipigani vita. Machi 10, 1979, Musuguri akiwa kamanda wa Divisheni ya 20, Brigedi ya 201 ilikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin pale Lukaya, Uganda. Brigedi hiyo ilikuwa na mgambo wengi ambao hawakuwahi kuona makombora ya namna ile. Wengi walirudi nyuma, wakatawanyika.

Musuguri hakung'ang'ania mbele tu. Aliamuru Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini, igeuke na kumkata adui kwenye barabara ya Kampala. Alfajiri ya Machi 11 Walibya na askari wa Amin wakapigwa pande zote mbili. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ikaanguka. Uamuzi ule ulitoka kwa mzee wa miaka 59 mwenye miaka 37 ya kazi. Watu wanauita ushujaa wa Kimara. Mimi naona ni uzoefu.

Mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi hadi 1988, akampisha Ernest Mwita Kiaro, Mkurya, aliyekaa hadi 1994. Miaka 14 mfululizo jeshi liliongozwa na watu wa Mara. Sifa ya mkoa ilijengwa hasa hapo.

Sasa turudi kwa dogo wa Mugumu. Leo matangazo ya ajira za JWTZ yanataka cheti, yanaweka kikomo cha umri, na kabila halina kipengele. Maofisa wanapitia Monduli, ambako siku hizi wapo wanaohitimu na shahada ya sayansi ya kijeshi. JKT nao kila wanapoita vijana wa kujitolea wanasema wazi kwamba hawatoi ajira. Unaweza kumaliza mkataba pale Rwamkoma, Butiama kwao jenerali, na ukarudi nyumbani na stadi za kilimo tu.

Pengo hilo kati ya sifa na masharti ndiyo shamba la matapeli. Anakuja mtu anajiita afande, anasema ana "nafasi za watu wa Mara", mzee anauza ng'ombe wawili, hela inatumwa kwa simu, namba inazimwa. Jeshi limeshatangaza mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi. Ukiambiwa ulipie ili uingie, chukua namba hiyo na uipeleke polisi kabla ng'ombe hajatoka zizini.