Afya ya Desemba: Wito kwa Wakazi wa Sio Port na Ndugu wa Ng'ambo

Magonjwa yanayowapata watu wa Sio Port wakati wa Krismasi ni yale yale ya mwaka mzima: kuhara, malaria, kichocho, presha, sukari. Kinachobadilika Desemba ni wingi wa watu na kasi ya mwendo wao. Mvua za vuli zimeshalowesha ardhi tangu Oktoba. Mabasi ya Nairobi na Mombasa yanashusha abiria Busia mjini usiku kucha, na kutoka hapo matatu na bodaboda zinawafikisha Funyula, Bumbe na ufuoni. Wengine wanatoka Majanji na vijiji vya Uganda vilivyo ng'ambo ya mto Sio, kwa kuwa Wasamia ni jamii moja iliyokatwa na mpaka, na harusi, matanga na ubatizo havijui pasipoti. Choo kilichochimbwa kwa ajili ya watu sita kinatumiwa na ishirini. Mtungi uliokuwa ukitosha siku mbili unaisha kabla ya saa sita mchana, na anayetumwa kuujaza tena huenda kwenye maji yaliyo karibu, si yaliyo salama.

Kwa hiyo nyumba moja, hata iwe safi namna gani, haiwezi kujikinga peke yake. Wito huu unahusu mambo ambayo kijiji hufanya pamoja, na wakati wake ni Novemba, wageni wakiwa bado hawajafika.

Kwamba afya ya mtu hapa inategemea anachofanya jirani yake si dhana tu. Ilipimwa katika eneo hili hili. Mwaka 1998 mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianza katika shule 75 za msingi za tarafa za Funyula na Budalangi, zikiwa na wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa katika makundi, zikapewa dawa kwa awamu, na watafiti Michael Kremer na Edward Miguel wakalinganisha shule zilizotangulia na zilizosubiri. Katika shule zilizopata dawa, utoro ulipungua kwa takriban robo. Jambo kubwa zaidi lilikuwa kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa katika shule hizo walipata nafuu, na shule za jirani zikaguswa na nafuu hiyo pia. Mtoto aliyetibiwa haachi tena mayai ya minyoo kwenye udongo wa uwanja na ukingo wa maji, kwa hiyo mwenzake naye hayaokoti. Hesabu ya umbali ambao nafuu ile ilifika ilirekebishwa baadaye na wasomi wengine, na mjadala wake uliendelea kwa miaka, lakini uhusiano wa mtoto na mtoto haukufutwa na marekebisho hayo. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa namna hii. Watoto wa Funyula na Budalangi ndio waliotoa ushahidi huo, na ni haki wazazi wa leo wautumie.

Maji yalitoa funzo la pili. Katika Busia na maeneo ya jirani, karibu chemchemi 200 zilichunguzwa. Zilizojengewa saruji na bomba la kutolea maji zikalinganishwa na zilizokuwa bado wazi. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi zilizojengewa ulipungua kwa theluthi mbili, na kuhara kwa watoto wadogo kukapungua kwa robo. Lakini maji yalipopimwa nyumbani, usafi ulikuwa umeongezeka kwa karibu robo tu. Yalichafuka tena njiani na ndani ya nyumba, na baadhi ya familia ziliendelea kuyachanganya na maji ya vyanzo vingine. Kutokana na hilo ukazuka mpango uliosambaa baadaye hadi Uganda na Malawi: tangi dogo la klorini lililofungwa kwenye nguzo pale pale panapotekwa maji. Mtu anaweka mtungi wa lita 20 chini ya koki, anazungusha mara moja, kipimo kinadondoka, kisha anajaza maji. Mwendo wa kurudi nyumbani unakoroga dawa, na baada ya nusu saa maji yanafaa kunywewa. Klorini ya chupa iliyouzwa madukani ilitumiwa na nyumba chache sana. Ile ya kwenye nguzo, ya bure na inayotumiwa mbele ya macho ya majirani, ilifikia zaidi ya nusu ya nyumba pale palipokuwa na mtu wa kijiji wa kuihimiza.

Kazi ya Novemba basi inaanzia kisimani. Kamati ya maji inapaswa kukagua kila tangi la klorini, kuona kama koki inazunguka na kama dawa imo, na kutoa taarifa mapema pale ambapo imekwisha. Mahali pasipo na tangi, nyumba kumi zinaweza kuchanga na kununua klorini ya pamoja. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kumpeleka mtoto mmoja hospitali ya rufaa Busia. Maji yenye matope, kama yalivyo mengi baada ya mvua, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kwa sababu tope hula nguvu ya dawa. Nyumbani, mtungi wa kunywea uwe na mfuniko, na maji yamiminwe au yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu. Kikombe kinachotumbukizwa na kila mkono unaopita kinaweza kufuta kazi yote iliyofanyika kisimani.

Karamu nayo ina hatari yake. Mkurupuko wa kipindupindu ulioanza Kenya mwezi Oktoba 2022 ulihusishwa na sherehe ya harusi katika kaunti ya Kiambu. Waalikwa walirudi makwao, na baada ya muda kaunti nyingi zikawa na wagonjwa. Sherehe moja ilitosha. Dalili za kipindupindu huanza kati ya saa chache na siku tano, muda unaomwezesha mgeni kula Sio Port, kulala Busia na kuugulia Kampala au Nakuru. Haifuati kwamba watu wasikusanyike. Kinachohitajika ni wapishi wa mtaa, ambao ndio wenye shughuli yenyewe, kukubaliana mapema kwamba pawe na maji yanayotiririka na sabuni karibu na choo na karibu na sufuria. Nyama iliyopikwa usiku isilale nje hadi mchana. Wali uliobaki uchemshwe hadi utoe mvuke au utupwe. Na mtu anayeharisha asishike mwiko hata kama ndiye mpishi hodari wa ukoo. Kila boma liwe na pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwa watoto. Pakiti zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji salama vitamsaidia mgonjwa akiwa njiani kwenda zahanati. Mgonjwa asisubiri kuche. Kipindupindu kikali kinaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu katika saa chache.

Ziwa lenyewe linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndilo linalowavuta wageni. Alfajiri ufuoni mashua zinarudi na omena, taa bado zinawaka. Wanawake wanaingia majini hadi magotini kupokea karai. Watoto wanaogelea kati ya kamba. Hatua chache kando, mtu anafua. Na nyuma ya matete, kwa sababu choo kiko mbali au kimefungwa, mtu mwingine anajisaidia. Kichocho huishi katika mpangilio huo. Mayai yanayotoka na kinyesi yanaanguliwa majini, vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo walio kwenye majani ya ukingoni, na baada ya wiki kadhaa vinatoka kwa maelfu, mchana, vikitafuta ngozi ya mtu. Havionekani. Havihitaji kidonda, wala havihitaji maji kumezwa. Dakika chache za kusimama majini zinatosha. Kwa miaka mingi vinaharibu utumbo na ini, na tumbo kuvimba huja mwishoni, wakati tiba imekuwa ngumu.

Dawa ya praziquantel inaua minyoo iliyokomaa mwilini, lakini haimzuii mtu kuambukizwa upya akirudi kwenye maji yale yale. Hapa ndipo kamati za usimamizi wa ufuo, BMU, zina uwezo ambao hospitali haina. Ni wao wanaojua ni nani anayetua wapi. Choo cha ufuoni kinachofunguliwa kuanzia saa kumi alfajiri, wavuvi wanapotua, kina thamani zaidi kuliko mabango kumi. Majani ya ukingoni mahali pa kutekea maji yafyekwe kwa zamu, wafyekaji wakiwa wamevaa buti. Maji ya kuogea yakitekwa ziwani yakakaa saa 48 katika chombo kisicho na konokono, vijidudu vya kichocho vinakuwa vimekufa, na hilo ni jambo ambalo kila mama anaweza kulifanya bila gharama. Mgeni kutoka mjini aambiwe wazi kwamba kuogelea kwenye matete si mchezo salama. Asiachwe agundue mwenyewe. Vilevile, safari za mashua za Krismasi, ikiwemo ile ya kuvuka kwenda Majanji, zisiondoke mashua ikiwa imejaa kupita kiasi, abiria wakiwa hawana jaketi za kujiokoa au nahodha akiwa amelewa. BMU inayomzuia nahodha wake mwenyewe siku ya sikukuu inaokoa watu, na wakazi wanapaswa kuiunga mkono badala ya kuizomea.

Malaria humkuta mgeni akiwa dhaifu kuliko mwenyeji. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nairobi hana kinga ambayo mwili wa mtoto wa Samia hujijengea kidogo kidogo, ingawa kwa maumivu. Mbu mmoja wa usiku wa Desemba anaweza kumlaza vibaya. Mwenye nyumba anayejua kuwa watoto saba watalala sebuleni ahesabu vyandarua kabla hawajafika. Busia ni miongoni mwa kaunti 8 za magharibi zilizolengwa na chanjo ya malaria ilipozinduliwa Kenya mwezi Septemba 2019. Dozi zake ni 4, ya mwisho ikiwa mtoto anapotimiza miezi 24, na dozi hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi kwa sababu mama ameshazoea kuwa kliniki imekwisha. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu Septemba 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari na kipimajoto, wanaweza kuwapitia watoto hao mmoja mmoja kabla ya tarehe 20 Desemba. Kazi yao itakuwa nyepesi familia zikiwafungulia mlango.

Mashine hiyo ya presha itumiwe pia kwa wazee. Krismasi ni wakati ambapo baba mwenye presha anaacha vidonge kwa sababu amekuwa na wageni, akala nyama yenye chumvi siku tano mfululizo, akaanguka tarehe 30. Jamaa zake wamkumbushe bila kumwaibisha. Pombe ndiyo chanzo cha mengi kati ya majeraha ya msimu huu, na chang'aa ina hatari ya ziada: mwezi Februari 2024, huko Kangai kaunti ya Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa kinywaji chenye sumu. Aliyelewa asiendeshe pikipiki kwenye barabara ya Busia. Kwa vijana na mikesha ya usiku, jambo moja lisemwe barazani bila kificho: aliyebakwa au aliyekutana na hatari ya virusi vya UKIMWI ana saa 72 tu za kuanza dawa za kinga, na hospitali hufunguliwa hata siku ya Krismasi. Anayetumia ARV abebe za kutosha safari nzima.

Mpaka nao una mahitaji yake. Uganda ilitangaza mkurupuko wa Ebola tarehe 20 Septemba 2022, na haikutangaza mwisho wake hadi tarehe 11 Januari 2023, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Krismasi ya mwaka huo Busia na Malaba iliangukia ndani ya siku hizo za kusubiri. Wasafiri waliopita kwenye kituo cha pamoja cha mpakani walipimwa joto. Waliotumia njia za panya na mitumbwi ya mto Sio hawakuonekana na mtu. Hakuna serikali itakayoweka askari kila kivuko, wala haifai kuwatenga ndugu. Wanavijiji wa pande zote mbili ndio wanaoweza kukubaliana kwamba anayevuka akiwa na homa, upele au damu isiyo ya kawaida anapelekwa zahanati iliyo karibu, iwe ya Kenya au ya Uganda, na chifu anaarifiwa siku hiyo hiyo, bila mgonjwa kuitwa mchawi wala mhalifu.

Kazi inaendelea wageni wakishaondoka. Homa inayoanza wiki moja au mbili baada ya kurudi Nairobi mara nyingi huchukuliwa kuwa mafua, mpaka daktari aambiwe mgonjwa alilala kando ya ziwa. Aombe kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Aliyeogelea Desemba apimwe kichocho kuanzia mwishoni mwa Februari, kwa sababu kabla ya hapo minyoo huenda haijaanza kutaga na choo kinaweza kuonekana safi. Mwenyeji anayepiga simu ya kuuliza kama wamefika salama ayataje mambo hayo mawili katika simu hiyo.