Lubumbashi: Stika zikiharibika, mwanafunzi wa kazi asilipe peke yake

Mjini Lubumbashi, stika ziko kila mahali: kwenye vioo vya teksi-basi, kwenye matangi ya pikipiki, kwenye milango ya maduka ya dawa na vibanda vya kubadilisha pesa. Siku ya mchezo kati ya TP Mazembe na Lupopo, mamba wa hawa na rangi ya manjano na buluu ya wale huuzwa hadi kwenye vituo vya magari. Nyuma ya biashara hiyo kuna vyumba vidogo vyenye mashine mbili, moja ya kuchapa na nyingine ya kukata, pamoja na kijana ambaye malipo yake ya mwezi hupunguzwa kwa sababu ya mita chache za vinili zilizokatwa vibaya.

Desturi hiyo ya kumkata kijana pesa inatetewa kwa maneno mepesi: yeye ndiye aliyekaa mbele ya mashine. Lakini mara nyingi kosa limefanyika kabla hajabonyeza kitufe, pale mwenye duka alipoamua kwamba kazi yote itoke kwa mkupuo mmoja.

Hesabu yake si ngumu. Mteja anataka stika 400 za duara, kila moja sentimita 10. Kwenye rola ya upana wa mita 1.27 zinaingia 11 kwa mstari, ikiachwa nafasi ndogo kati yake. Hiyo ni mistari 37, karibu mita 4 za vinili. Sasa tuseme rola imewekwa kwenye mashine ya kukata ikiwa imepinda kidogo sana, milimita 2 tu kwa kila mita, upotovu ambao jicho halioni. Mwanzoni kisu kinapita mahali pake. Kwenye mita moja na nusu kimeshakosea milimita 3, yaani ukingo mweupe wa stika umekwisha na kisu kinaanza kula picha. Stika 154 za kwanza ni nzima. Nyingine 246 ni za kutupa.

Mashine nyingi husoma alama nyeusi zinazochapwa kwenye pembe za kazi na kurekebisha mpindo huo. Ni msaada mkubwa, ila una mpaka. Alama za pembeni haziambii mashine kilichotokea katikati: magurudumu yanayobana vinili yameteleza, rola nzito imevuta nyuma, au vinili imenywea kwa sababu ilitoka kwenye joto la mashine ya kuchapa na kukatwa kabla haijapoa. Kila mita inayoongezeka inampa shetani nafasi nyingine. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe huandika kwenye kitabu cha mashine urefu ambao wanahakikisha kisu hakitapotea. Kitabu hicho, katika maduka mengi, kimebaki ndani ya boksi.

Kazi ileile ya stika 400 ingegawanywa katika vipande vitano, vinne vya mistari 8 na cha mwisho cha mistari 5, kila kimoja na alama zake, mambo yangebadilika. Kipande cha mistari 8 kina sentimita 84. Kwa mpindo uleule, kisu kingekosea chini ya milimita 2, bado ndani ya ukingo mweupe. Na kama vinili ikiteleza, kinachopotea ni kipande kimoja, stika 88 kwa wingi wake. Gharama ni nafasi ya alama: tukihesabu sentimita 5 kwa kila kipande, ni sentimita 20 zaidi kuliko kukata kwa mkupuo. Wenye maduka wanaolalamikia sentimita hizo 20 ndio haohao wanaonunua rola nyingine ya mita 50 kabla ya wakati.

Wana hoja moja ya kweli, nayo ni rangi. Kazi ikichapwa leo nusu na kesho nusu, nyekundu ya leo inaweza isifanane na ile ya kesho, na mteja mwenye magari sita ataona. Lakini hoja hiyo inahusu kuchapa, haihusu kukata. Inawezekana kuchapa vipande vyote kwa mfululizo, kisha kuvikata kimoja kimoja.

Hata kuchapa, huko Lubumbashi, kuna urefu wake wa salama, na anayeuamua ni umeme. Mkato wa ghafla unaacha mstari katikati ya picha, na mashine ya kukata inasahau ilipoanzia. Duka lenye ondulere lipime: kama betri inashika dakika 10 na mashine inachapa mita 6 kwa saa, basi mita 1 ndiyo urefu ambao unaweza kumalizika umeme ukiondoka. Kuanza mita 5 saa ambayo mtaa wote unajua kwamba SNEL hukata ni kamari, na si haki kamari ya patroni ilipwe na kijana.

Wateja nao wana sehemu yao. “Papa, nitakuja jioni, gari linaondoka kesho Likasi.” Kwa neno hilo vinili inatolewa mbichi, bado inanuka wino, inafunikwa plastiki ya juu na kukatwa siku ileile, wakati wino wa aina hiyo kwa kawaida unahitaji siku nzima ili upumue. Baada ya muda kingo zinajikunja, na mteja yuleyule anarudi kudai pesa zake.

Mwenye duka anayetaka kukata malipo ya mwanafunzi wake aanze kwa kuonyesha karatasi iliyobandikwa juu ya mashine: vinili ya aina hii, mwisho wa kipande sentimita kadhaa, kabla ya kukata, peleka urefu wote mbele na kuurudisha ili uone kama unapinda, saa fulani usianze kazi ndefu. Kijana akivuka kipimo hicho bila ruhusa, yana mazungumzo. Kama karatasi haipo, mita zilizoharibika ziandikwe kwenye daftari la duka, upande wa patroni.